Viatu Vipya Vijaribiwe Nyumbani, Si Mlimani

Akina mama wenzetu, wengi wetu tumezoea kuhesabu kwamba safari huanza siku ile tunapopanda gari. Kabla ya hapo tunanunua vitu, tunavikunja vizuri na kuviweka juu ya kabati visichafuke. Viatu hukaa ndani ya boksi lake na karatasi zake. Hema hubaki kwenye mfuko wake wa dukani. Tunasema, "Tutavifungua tukifika." Lakini kiatu kinachobana kitabana tu, na hema linalovuja litavuja tu. Tofauti ni kwamba nyumbani tuna maji ya moto, ndugu wa kusaidia na zahanati iliyo karibu, na mlimani hatuna.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa kanisa hapa Chalinze. Tumo kumi na wanne. Wengine ni wakulima, wengine wanauza machungwa na mahindi ya kuchoma kwenye njia panda ya magari yaendayo Morogoro na yale yaendayo Segera, wawili ni walimu, na wawili ni wauguzi. Kwa muda wa miezi kumi tulichanga fedha kidogo kidogo ili twende Hifadhi ya Milima ya Udzungwa tukapande hadi maporomoko ya maji ya Sanje, ambayo yana urefu wa mita 170. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, na haina barabara za kuzungukia kwa gari kama Mikumi. Anayetaka kuiona hana budi kutembea. Tulipanga kwenda tarehe 25 Julai 2024 na kulala siku mbili kwenye mahema.

Baadhi ya waume zetu walicheka. Walisema, "Mnatembea kila siku kwenda shambani na kisimani, sasa mnataka kulipa nauli mkatembee?" Walikuwa na haki ya kucheka, lakini ndani ya swali lao mlikuwa na jambo la maana. Ni kweli tunatembea kila siku, ila hatutembei na viatu vizito tusivyovizoea na mzigo mgongoni. Kwa hiyo tuliamua kwamba Jumamosi tarehe 6 Julai tutafanya jaribio. Asubuhi tutembee kilomita nane tukiwa na mizigo yote, na usiku tulale kwenye mahema katika uwanja wa kanisa.

Waliotutangulia

Sisi watu wa upande huu wa Bagamoyo si wageni wa safari za miguu. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilipita katika nchi yetu ikitoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 30, na wanawake nao walikuwamo katika misafara ile, wakibeba vyombo, wakipika na kulea watoto njiani. Mwezi Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa Bagamoyo baada ya kubebwa kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wengi wamesikia majina ya Susi na Chuma. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika watu wa Livingstone alikuwamo Halima, mpishi, naye alitembea njia ile ndefu pamoja na wenzake.

Hata wakubwa wa kupanda milima walifundishwa na vifaa vyao. Mjerumani Hans Meyer alipopanda Kilimanjaro mwaka 1887 aligeuka njiani kwa sababu hakuwa na vifaa vya kupita kwenye barafu na theluji nyingi. Alirudi akiwa amejiandaa, na tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni.

Tena yupo mama mwenzetu, Junko Tabei wa Japani. Tarehe 16 Mei 1975 alikuwa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest, na wakati huo nyumbani alikuwa ameacha binti mdogo. Yeye na wenzake hawakuwa na fedha nyingi. Walishona baadhi ya vifaa vyao wenyewe, wakatumia vitambaa vya viti vya gari kutengeneza glavu za juu, na mapazia ya zamani yakawa suruali. Mwanamke aliyeshona kifaa chake kwa mkono anajua mshono upi ni dhaifu. Sisi tunaonunua vilivyoshonwa na wengine hatuna budi kuvijua kwa kuvitumia.

Mabegi na mahema

Jambo la kwanza tulilofanya ni kupima mizigo. Tuliazima mzani wa kuning'iniza, mfano wa ule wa kupimia watoto kliniki, tukaufunga kwenye tawi la mwembe. Kipimo kizuri kwa mtu mzima mwenye afya ni kwamba mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake. Mama mwenye kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12. Begi la mama mmoja lilifika kilo 19. Tulipolifungua tulikuta sufuria mbili, vitenge vinne, unga kilo tatu, na chupa ya mafuta ya kula iliyojaa. Akasema, "Mgeni haendi mikono mitupu." Tulicheka sana, kisha tukamsaidia kupunguza.

Tulijifunza pia namna ya kuvaa begi. Mkanda wa kiunoni ufungwe juu ya mifupa ya nyonga, ili uzito ukae kwenye nyonga na miguu, si kwenye mabega. Vitu vizito viwe karibu na mgongo. Mama akihisi ganzi mikononi ajue kamba za mabegani zimebana mno.

Mahema yetu manne yalikuwa ya mitumba. Moja halikuwa na vigingi, tukampelekea fundi nondo za milimita 6, akatukatia na kutukunjia. Kisha tuliyamwagia maji ndoo mbili mbili kama mvua, na dada mmoja akiwa ndani na kurunzi. Mawili yalivuja kwenye mishono. Tuliyaanika yakakauka kabisa, tukasugua mishono kwa mshumaa hadi nta ikaingia kwenye nyuzi, tukamwagia tena. Moja lilikoma kuvuja. La pili liliendelea, na hilo tuliliacha nyumbani tukaazima jingine. Mshumaa ulisaidia pia zipu zilizokuwa zinakwama.

Kurunzi zilikuwa tano. Mbili hazikuwaka, kwa sababu betri zilikaa ndani muda mrefu zikatoa maji na kuozesha vyuma. Betri zitolewe kila kurunzi inapowekwa kabatini.

Usiku ule kulikuwa na baridi ya Julai. Dada mmoja akapendekeza tuingize jiko la mkaa hemani walau kwa nusu saa tupate joto. Hapo sisi wauguzi tulikataa kabisa, na tunaomba kila mama asomaye ukurasa huu akatae vivyo hivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humchukua asiamke. Hema ni dogo kuliko chumba, na sumu hujaa upesi. Jiko la gesi na la mafuta ya taa nayo yasiwashwe ndani. Baridi iondolewe kwa blanketi, soksi kavu na mkeka mnene chini, kwa maana ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili kuliko hewa.

Mguu usiolia

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike habari hii.

Katika kikundi chetu yumo dada mwenye kisukari. Ana mwaka wa saba akihudhuria kliniki, na sote tunajua. Ni mchangamfu, na ndiye aliyetuhimiza wengine tulipotaka kukata tamaa na michango. Bwana wake alimnunulia viatu vya kupandia milima, vipya kabisa, kwa fedha za mananasi aliyoyapeleka sokoni. Hapa kwetu si kila mume anayefanya hivyo. Alivivaa siku ile ya jaribio kwa mara ya kwanza, na njia nzima ya kilomita nane hakulalamika hata mara moja. Wenzake walisimama kurekebisha soksi na kubandika plasta. Yeye aliimba.

Tuliporudi tuliwaambia wote wavue viatu ili tukague miguu. Wengi walikuwa na wekundu kisiginoni, na wawili malengelenge madogo. Dada yetu alipovua, soksi yake ya mguu wa kulia ilikuwa imelowa damu. Chini ya kidole kidogo ngozi ilikuwa imetoka, ukubwa wa sarafu, na juu ya kidole gumba palikuwa na lengelenge lililopasuka.

"Dada, mbona hukusema?" mmoja akamwuliza.

"Ningesema nini? Mimi sikuhisi kitu."

Tulimwomba afumbe macho, tukagusa ncha za vidole vyake vya miguu polepole kwa kidole, kimoja kimoja, naye aseme kila anapoguswa. Mguu wa kushoto alihisi vidole viwili. Mguu wa kulia alinyamaza tu, akingoja tuanze, na sisi tulikuwa tumekwisha kumaliza.

Wauguzi tunajua maana ya kimya kile. Sukari inapokaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanzia miguuni. Mishipa ya damu nayo huziba taratibu, kwa hiyo kidonda hupona kwa shida. Mtu hukanyaga msumari asijue. Huvaa kiatu kidogo asijue. Kidonda huingia wadudu, kikafika kwenye mfupa, na wengine huishia kukatwa mguu. Wengi wa waliokatwa walianza na kidonda kidogo kama hicho.

Tulimsafisha kwa maji safi, tukafunika kwa bandeji safi, na siku ileile akapelekwa hospitali. Lakini jioni, kwenye mazungumzo ya kikundi, likazuka jambo gumu zaidi kuliko kidonda. Dada yetu alisema bado anakwenda. Alisema, "Siumwi. Kama ningekuwa naumwa ningekaa. Kwa nini nisiende?" Baadhi wakamwunga mkono, kwa sababu alichanga kama wengine, tena bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Wengine wakanong'ona arudishiwe fedha zake yaishe. Yeye akawasikia, akalia.

Tulimjibu kwa upole lakini bila kuficha. Maumivu ni mlinzi. Mtoto akigusa moto hulia na kuondoa mkono, na hicho kilio ndicho kinachookoa vidole vyake. Mguu wake umepoteza mlinzi wake. Kutokuumwa kwake ndiko kunakotutisha. Mlimani angepanda na kushuka kwa kama saa nne juu ya mawe na mizizi, na kidonda kingezama bila yeye kutoa sauti.

Bwana wake alikuja kesho yake. Alikuwa ameshika kile kiatu, akatuuliza kama ndicho kilichomuumiza mkewe. Tulimwambia ukweli: kiatu ni kizuri, ila ni chembamba kwa mguu wake, na mtu mwenye mguu wenye ganzi hawezi kukijua kiatu kwa kukisikia, hukijua kwa kupimwa. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nifundisheni hiyo namna ya kumgusa vidole." Tulimfundisha. Tangu siku ile ndiye anayekagua miguu ya mkewe kila usiku, kwa kurunzi, nyayo na katikati ya vidole.

Tulivyokwenda

Daktari aliruhusu asafiri kwa gari ila asitembee. Tarehe 25 tuliondoka sote kumi na wanne, tukapita Morogoro na Mikumi, tukakata kushoto kwenda Kidatu hadi Mang'ula. Yeye alivaa viatu vipana vya wazi nyuma vilivyofunika vidole, na mmoja wa wauguzi alimbadilishia bandeji asubuhi na jioni. Siku ya kupanda, kumi na wawili tulikwenda na mwongozaji wa hifadhi. Yeye na muuguzi mmoja walibaki kambini.

Mahema hayakuvuja. Mabegi hayakutuelemea, na hakuna aliyepata lengelenge kubwa. Tulifika kwenye maporomoko, maji yakaturushia ukungu usoni, na wakubwa kwa wadogo tukawa kama watoto. Tulishuka tukiimba.

Jioni dada yetu alituambia kwamba alisikia nyimbo zetu tangu tulipokuwa mbali, na kwamba ziliumiza kuliko kidonda. Hatukumpa maneno mengi, kwa maana hayakuwapo. Tulikaa naye, tukala, tukamsimulia yote aliyotaka kusikia, na alitaka kusikia yote. Kidonda chake kilifunga wiki ya tano. Miguu yake yote miwili anayo. Viatu vile amevaa binti yake, ambaye vilimkaa sawasawa, na yeye mwenyewe amepimiwa viatu vipana. Anatembea navyo asubuhi, nusu saa, kisha anavua na kukagua.

Ya kukumbuka

Mama msomaji, huenda wewe huna mpango wa kupanda mlima. Lakini viatu vipya unanunua, vya shule, vya harusi, vya kazini. Basi yafaa kukumbuka haya.

Nunua viatu alasiri, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Vijaribu ukiwa na soksi utakazovaa. Simama wima, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Siku ya kwanza vaa saa moja tu, ndani ya nyumba. Vua, angalia wekundu. Usipoondoka baada ya nusu saa, kiatu hicho kinakuonya. Ongeza muda siku hadi siku, na umalize angalau wiki mbili kabla ya safari.

Lengelenge lisipasuliwe. Lioshe, lifunike, ondoa kinachosugua.

Chukua maji ya kutosha. Siku ya jaribio kila mmoja wetu alibeba lita moja na nusu, na wengi waliyamaliza kabla ya kilomita ya sita. Maji ya mtoni yachemshwe hadi yatokote kweli, au yawekwe dawa ya kutibu maji. Bebeni pakiti za chumvi chumvi za kuharisha. Zikikosekana, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kufutwa juu, katika lita moja ya maji safi.

Aliye na kisukari asitembee pekupeku hata nyumbani. Aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, atafute kokoto au msumari. Akague miguu kila siku, aoshe kwa maji ya vuguvugu, akaushe katikati ya vidole, na akate kucha kwa kunyoosha. Asiloweke miguu katika maji ya moto. Kidonda chochote, hata kiwe kidogo namna gani, kipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Akitumia insulini asiiache juani, na mfukoni awe na sukari au glukosi.

Na leo usiku, kama kuna mwenye kisukari katika nyumba yako, mwambie afumbe macho. Mguse ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na kidogo, miguu yote miwili, taratibu bila kubonyeza. Vidole sita tu. Akikosa viwili au zaidi, msingoje siku ya kliniki. Nendeni kesho asubuhi.